Kitanda cha Tisa

Seva, kompyuta kuu ya hospitali, ilikuwa na anwani tatu za mtandao, na programu yake ilisikiliza zote, kama mwenye nyumba anayesikilizia hodi kwenye milango mitatu. Kupitia anwani ya tatu, wagonjwa wa wodi ya zamani walikuwa wakiwaita wauguzi. Wodi hiyo iliteketea kwa moto pamoja na waliolazwa humo, ikabaki kiwanja.

"Ifunge," Kombo alimwambia Raya, fundi mwenzake.

Raya akaifuta anwani ile, akachomoa na waya wake. Papo hapo skrini ikaonyesha wito: anwani ya tatu, kitanda cha tisa, naomba maji. Programu ikaukataa. Ukarudi.

"Anaomba maji, Kombo."

"Mwache. Mgeni akipiga hodi tatu asiitikiwe, huenda zake."

Wito wa tatu ukaja, ukakataliwa. Kimya. Kombo akashusha pumzi.

Kisha wito uleule ukaingilia anwani ya kwanza, ya mapokezi, ambako programu ilikuwa bado inasikiliza. Ukapokelewa.

Kupitia kioo cha dirisha walimwona Bi Tausi wa mapokezi akisoma, akainuka, akajaza bilauri maji, akatoka kuelekea kiwanjani.

Aliporudi, bilauri ilikuwa tupu.

"Wanangu," akasema, "nitafutieni ndoo."