Wenye Umri wa Mama

Adhuhuri hiyo Tumsifu alikuwa amepiga magoti sebuleni, akipanga makala mafungumafungu. Chuo kilimtaka asome kila utafiti wa Ukimwi uliochapishwa nchini, aeleze umeelekea wapi na umeacha nini. Fungu la wajawazito lilimfika kiunoni. La vijana lilikaribia. La wazee halikuwepo, na alikuwa ameliandika hilo kwa sentensi moja kavu, akaendelea na mengine.

Mama yake, Bi Nambua, aliyekuja kumtembelea binti yake, akatoka chumbani na mfuko wa dawa, akaketi kwenye kochi.

"Mwanangu, wewe umeyasoma yote haya. Hizi za presha na hizi nyingine zinapatana? Siku hizi miguu inakufa ganzi."

Tumsifu akasoma jina kwenye kopo la pili. Alilijua kutoka kwenye makala zake: dawa ya kufubaza virusi vya Ukimwi. Alidhani atalia, lakini hakuna kilichokuja. Alisikia tu friji ikinguruma jikoni.

"Unazimeza tangu lini, mama?"

"Tangu baba yako afariki. Sikutaka uhangaike. Haya, wenzangu wa umri huu wanasemaje humo?"

"Hawamo."

"Hawapo kabisa?"

"Wapo, mama. Ila hakuna aliyewauliza. Kesho twende kwa daktari wako."

"Tutakwenda." Bi Nambua akasukuma fungu la vijana kando, akanyoosha miguu. "Lakini wewe niulize leo."

Tumsifu akachukua kalamu. Mama akaanza kusema taratibu, kama anayeelekeza mapishi, na binti yake akawa anamsikiliza tu, bado hajaandika neno.