Povu Lililokataa Kufa

Illuminée alitikisa chupa, akaiweka mezani, akangoja povu life.

Halikufa. Povu la maziwa safi huzeeka upesi: viputo vikubwa humeza vidogo, maji huteremka, juu hubaki utando tu. Hili lilisimama kama la beseni la kufulia. Akanusa. Ndimu, kama sabuni ya vyombo! Akatema mate nje ya mlango wa duka lake la maziwa, mtaani Niboye.

Redioni walikuwa wamesema wapo wanaotia sabuni ili maziwa yenye maji yatoe povu. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa ametafuta chupa ya kupimia, akaisugua mwenyewe, akaisuuza harakaharaka kabla maji ya bomba hayajakatika.

"Mzee Kabera, unatuletea sabuni tunywe?" akamuuliza mzee aliyemletea maziwa yale.

"Mwana wangu, mimi sabuni sijui. Hii ng'ombe iko inakula nyasi tu. Baba yako alinipa kwa mkono yake. Mimi nitachafua maziwa yake?"

Hapo ndipo kinyaa kilipomzidi. Ng'ombe wa kupewa si mali, ni undugu. Marehemu baba yake alimpa Kabera ng'ombe yule kwa urafiki, na leo mzee anaapa kwa jina la marehemu huku maziwa yake yananuka sabuni! Akamwaga maziwa yote mtaroni, jambo ambalo baba yake asingethubutu kulifanya.

"Kesho nakuja kumchukua ng'ombe wetu."

Kunyang'anywa ng'ombe wa kupewa ni kuvuliwa nguo mbele ya watu. Kabera alibeba kopo lake tupu, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake Illuminée alifika kwa Kabera, Masaka, na pikapu ya kukodi. Majirani walikuwa wamejaa uani. Mke wa Kabera alikuwa analia kwa sauti, na Illuminée hakumwonea huruma hata kidogo. Mwizi na mkewe lao moja.

"Ngojeni," aliwaambia majirani. "Kabla hatujampakia, muone maziwa ya kweli yanavyokuwa."

Akatoa chupa yake ya kupimia. Kwa vile ilikuwa imeguswa na uchafu wa mzee yule, aliisugua kwa sabuni yake mwenyewe, ndani na nje, mpaka roho ikatulia, akaimwagia kikombe kimoja cha maji. Akaosha chuchu za ng'ombe kwa maji matupu. Kabera aliposogea kumshika ng'ombe, akamfukuza kwa mkono.

Akakama mwenyewe, moja kwa moja ndani ya chupa. Akatikisa. Akainyanyua juu kila mtu aone.

Kabera alivua kofia. Wote wakangoja povu life.

Walingoja mpaka mke wa Kabera akaacha kulia, mpaka Illuminée akahamishia chupa mkono wa pili. Povu lilikuwa limesimama vilevile.

Dereva wa pikapu, aliyekuwa karibu naye, akavuta pua.

"Mama," akasema, "hii iko inanukia ndimu."