Mkono wa Onyiego

Maziwa yalifurika tena jikoni, na Mwalimu Machogu hakusikia harufu kwa sababu alikuwa angani. Alikuwa amezama katika riwaya ya mtu aliyejiita Onyiego, pale chombo cha Wakisii kinapoelekea Mirihi na maziwa yanachemka, yanatoka sufuriani na kuelea hadi darini.

Mwalimu alikuwa amestaafu kila kitu isipokuwa kujiona. Kila Jumapili jioni redio ya mjini ilimpa nafasi apendekeze riwaya moja ya kisayansi. Kitabu alichokinyamazia kilizeekea dukani Keroka.

"Mong'ina!" akaita hatimaye. "Maziwa! Hiyo simu unabonyeza kutwa itakulisha?"

Mong'ina, mke wa mwanawe Ian, akaleta chai, akaiacha kwenye kigoda mlangoni na kurudi nyuma. Hapo Machogu hakuwa na lawama. Kwa Wakisii baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mikono wala hawakaribiani, na mila hiyo aliihubiri hata kwa wasioiuliza.

Akarudi Mirihi. Aliyemfurahisha zaidi ni nahodha, mzee wa makelele anayedai chai hata roketi ikishika moto. Machogu alicheka mpaka miwani ikaanguka.

"Huyu ni Ondieki jirani yangu kabisa!"

Ila kitabu kizuri namna hiyo kilihitaji picha. Alitaka mwandishi aje nyumbani, ampe mkono mbele ya wasomaji wenzake, watu wajue nani humjua nani. Jibu likaja kupitia kwa mchapishaji: "Mwalimu, nakuheshimu mno. Ndiyo maana siwezi kukupa mkono."

"Maringo!" Machogu akafoka. "Kijana ameandika kitabu kimoja tu, kichwa kimeshavimba!"

Akatuma neno la mwisho. Onyiego aje Jumapili mchana ampe mkono, la sivyo jioni redioni atasikia riwaya ya mwingine ikisifiwa, na yake izeekee dukani.

Jumapili sebule ikajaa. Wageni walikula ndizi, wakanywa chai, wakamtazama mwenyeji akitazama lango. Mong'ina alikuja na kwenda, akiishia mlangoni kama kawaida, na kila mara alikitupia jicho kile kitabu mezani. Saa zikaenda. Mgeni hakutokea.

"Basi, Onyiego kwisha," Machogu akasema, akinyanyua simu awapigie watu wa redio. "Hana adabu. Mtu anakukaribisha kwake, unamnyima mkono! Huyo alilelewa na nani?"

Mlangoni, Mong'ina akatua birika. Akaificha mikono ndani ya leso.

"Baba, mkono hata leo nitashindwa," akasema, macho chini. "Lakini ukisukuma hicho kitabu mpaka hapa mlangoni, nitakiwekea sahihi."