Mikono ya Tabea

Baba alifungua mlango wa ukumbi wa kanisa wakati Tabea ameinua mikono juu.

Alikuwa amemkataza kucheza baleti, ile dansi ya Kizungu ya kunyoosha mwili, tangu Pasaka. Ukungu wa Njombe uliingia pamoja naye, ukatambaa sakafuni hadi miguuni pa binti yake.

"Tabea, vaa sweta. Twende nyumbani."

Siku zote mikono ya Tabea ilikuwa migumu, mabega yamepanda hadi masikioni kama ya mtu anayesikia baridi. Sasa, kwa hofu, alitaka kuishusha.

"Pumua kwanza," mwalimu wake wa baleti, aliyesimama kando yake, alimnong'oneza. "Shusha mabega tu. Mikono iache."

Tabea akapumua. Mabega yakashuka, shingo ikarefuka. Viwiko vikalegea, na mikono ikabaki juu, myepesi, kana kwamba ukungu ndio ulioibeba. Akaifungua polepole mpaka ncha za vidole, akajihisi hana uzito.

"Baba," alisema kwa upole, "naomba nimalize."

Baba aliitazama mikono ya binti yake. Kisha akavua kofia, akavuta benchi la wanakwaya, akakaa kimyakimya kama anayeogopa kumwamsha mtu aliyelala.