Kipande cha Pili cha Doti

Sisi wapenda roketi tumeshaizoea sheria: ukimaliza kutazama roketi ikiruka usiku, unaacha kumbukumbu yako ya usiku huo getini pa uwanja, unarudi nyumbani hukumbuki kitu. Kwa hiyo asubuhi nilimwuliza mume wangu, Shekue, "Hivi jana iliruka?"

"Nitajuaje, mke wangu? Viatu vimejaa mchanga, chupa ya chai tupu. Tulikwenda."

Lakini nilitoka na doti nzima ya kanga, nikarudi na kipande kimoja. Na kanga mimi sigawi ovyo. Nagawana na shoga wa kufa na kuzikana tu.

Dukani nikamkuta mwanamke nisiyemjua, amejitanda kipande changu cha pili.

"Dada, tunajuana?"

"Hata sijui," akasema.

Macho yake yalikuwa yamevimba kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Yangu pia.