Mwanga wa Kuuguzia

Siku hizi tochi huchaguliwa mwanga kabla jua halijazama, na ukishachagua haubadiliki mpaka alfajiri: hafifu wa kuuguzia, wa kati wa kupokelea wageni, na mkali wa msiba, unaopenya madirishani ili majirani waje na mikeka yao. Mwanakombo alikuwa hoi. Miaka sasa anamuuguza mama mkwe wake, na kila jioni kidole kilikwenda chenyewe kwenye hafifu.

Leo kilitua kwenye mkali, naye akakitazama kikitua.

“Umechagua upi, mwanangu?” mama mkwe akauliza kitandani.

“Ule ule, mama.”

Giza likaingia. Mwanakombo alikaa na tochi mapajani, bila kuiwasha.

“Kiu imenishika,” mama mkwe akasema. “Washa basi, mwanangu, nikuone.”