Vioo Viliposhuka Msamvu

Tangu sheria ile ipitishwe, vioo vya gari hushuka vyenyewe watu wakigombana kwa sauti kubwa ndani, ili mtu asiumizwe kwa siri. Gervas, mume wa Sikudhani, alijifunza kutisha kwa sauti ya upole.

Asubuhi moja, wakiwa kwenye taa za Msamvu, alimwambia mkewe taratibu, "Ukienda kwenu, mtoto humwoni tena."

Vioo havikusogea. Sikudhani akaamua kupiga yowe. Vyote vinne vikashuka, vumbi likaingia. Mwanamke wa gari la pembeni akawatazama.

"Dada, nisaidie!" Sikudhani akamwambia.

Gervas akatabasamu. "Habari za asubuhi, dada?"

"Nzuri, kaka," yule mwanamke akajibu, kisha akatazama mbele, akingoja taa iwake kijani.